Fedha za Chuo kwa Mwanafunzi Mwenye Ulemavu: Zilipo na Namna Zinavyopotea

Tumeombwa tuzungumze kwa Kiswahili, kwa kuwa wengi wenu mmefika hapa Marekani kutoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, na karatasi za fedha za chuo humtatiza hata mtu aliyezaliwa katika nchi hii. Tutakayoyasema yatachapishwa katika kijitabu cha ofisi yetu, ili asiyekuwapo ayasome na aliyekuwapo ayarudie.

Kazi yetu ni kumlinda mnunuzi. Huenda mkajiuliza chuo kinaingiaje katika kazi hiyo. Elimu ya chuo ni huduma inayonunuliwa, tena kwa bei kubwa, na mwanafunzi mwenye ulemavu huinunua kwa bei ya juu kuliko jirani yake darasani. Pamoja na ada, hulipia usafiri usio wa kawaida, msaidizi, vifaa, na mara nyingi muhula mmoja au miwili ya ziada. Fedha za kumsaidia zipo. Zimewekwa na sheria, si hisani ya mtu. Lakini zimetawanywa katika ofisi nne au tano ambazo hazisemezani, na kila moja humngoja mwombaji aje mwenyewe na swali sahihi mdomoni. Familia ikikosa swali, hukosa fedha, na hakuna barua itakayotumwa nyumbani kuwaambia mmekosa nini.

Mlango wa kwanza ni fomu iitwayo FAFSA. Hiyo ndiyo fomu ya serikali kuu ya kuombea msaada wa masomo, na bila hiyo milango mingine mingi haifunguki. Hujazwa bure katika tovuti ya studentaid.gov. Fomu ya mwaka unaofuata kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba, na ni vyema kuijaza mapema, kwani baadhi ya majimbo na vyuo hugawa fedha zao mpaka ziishe. Mwanafunzi ana akaunti yake na mzazi anayehusika ana akaunti yake. Mzazi asiye na namba ya Social Security anaweza kufungua akaunti vilevile. Raia, mkazi wa kudumu, mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mtu aliyekwisha kupewa hifadhi, wote wana haki ya kuomba. Aliyeomba hifadhi na bado anangoja uamuzi hana haki hiyo kwa sasa, ingawa jimbo au chuo huenda kikawa na mfuko wake.

Kutokana na FAFSA hupatikana ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi. Kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2025/2026 kilikuwa dola 7,395. Ndani ya fomu kuna swali linalouliza kama mtu yeyote wa nyumba yenu amepokea SSI, Medicaid, msaada wa chakula au misaada mingine ya namna hiyo katika miaka miwili iliyopita. Wengi hulipita kwa aibu au kwa kudhani kukubali kutawadhuru. Lijibuni kwa ukweli. Jibu la ndiyo linaweza kuwaondolea wajibu wa kuorodhesha mali zenu. Na fedha za SSI zenyewe hazihesabiwi kuwa kipato katika fomu hiyo.

Sasa angalieni jambo ambalo familia nyingi hazilijui. FAFSA haiulizi kabisa kama mwanafunzi ana ulemavu. Hamna kisanduku cha kuweka alama. Kwa hiyo barua ya chuo ikija nyumbani na hesabu ya msaada, hesabu hiyo imefanywa kana kwamba kijana wenu anapanda ngazi, anasoma ubao na kumsikia mwalimu kama wengine wote. Marekebisho huja baadaye, tena kwa kuombwa.

Maombi hayo hupelekwa katika ofisi ya fedha za wanafunzi ya chuo chenyewe. Kila chuo hukadiria gharama za mwaka za mwanafunzi: ada, vitabu, makazi, chakula, usafiri. Sheria inaruhusu makadirio hayo yaongezwe kwa mwanafunzi mwenye ulemavu, yaingizwe huduma maalumu, msaidizi binafsi, usafiri, vifaa na mahitaji mengine ambayo ni ya kadiri na hayalipwi na ofisi nyingine. Tuseme chuo kimekadiria dola 24,000 kwa mwaka, na binti anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji dola 3,500 zaidi kwa gari lenye lifti na kwa msaidizi wa asubuhi. Akiandika barua, akaambatanisha stakabadhi au makadirio ya bei, makadirio yake yanaweza kuwa dola 27,500. Tusiwadanganye: kuongeza makadirio hakuleti fedha papo hapo, na ruzuku ya Pell haipandi kwa sababu hiyo. Kinachopanda ni kikomo. Jumla ya misaada yote haipaswi kupita makadirio ya gharama, na pasipokuwa na nafasi chini ya kikomo, ruzuku ya chuo au ya shirika inaweza kupunguzwa ijapo mwanafunzi bado ana upungufu mfukoni. Barua ya ukurasa mmoja humpatia nafasi hiyo.

Ofisi hiyohiyo ina mamlaka mengine. Ikiwa familia imetumia fedha nyingi hospitalini, au mzazi ameacha kazi ili kumtunza mgonjwa, afisa wa fedha za wanafunzi anaweza kurekebisha takwimu zilizotumika katika hesabu ya FAFSA. Uamuzi ni wake. Hakuna mkubwa wa Washington wa kumkatia rufaa. Kwa hiyo andaeni karatasi vizuri kabla ya kwenda, na mwendeni kwa heshima.

Kabla ya kuandika barua ya namna hiyo, ni muhimu kujua nani analipa nini, kwa maana hapa watu hulipishwa wasichopaswa kulipa. Sheria ya Urekebishaji ya mwaka 1973, katika kifungu chake cha 504, na Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya mwaka 1990 zinakitaka chuo kitoe nyenzo za kumwezesha mwanafunzi kushiriki masomo. Mkalimani wa lugha ya alama darasani, vitabu katika breli au katika faili linalosomeka kwa sauti, muda wa ziada katika mtihani: hivyo ni gharama ya chuo, na mwanafunzi hapaswi kutumiwa ankara. Vitu vya matumizi binafsi ndivyo chuo hakiwajibiki navyo. Kiti cha magurudumu, vifaa vya kusaidia kusikia, mtu wa kumvisha na kumwogesha, hivyo hutafutiwa fedha kwingine, na ndivyo vinavyofaa kuingia katika ile barua.

Wazazi wengi hapa walishazoea shule ya sekondari, ambako walimu waliita kikao, wakaandika ule mpango wa elimu maalumu mnaouita IEP, na shule ikatekeleza. Mpango huo hukoma siku kijana anapopokea cheti cha kumaliza sekondari. Haumfuati chuoni. Chuoni, mwanafunzi mwenyewe ndiye anayepaswa kwenda kujitambulisha katika ofisi inayohudumia wanafunzi wenye ulemavu, ambayo siku hizi haina jina moja. Mlango unaweza kuandikwa neno lenye maana ya ufikivu, au ya usaidizi, na neno ulemavu lisionekane popote. Chuo kinaweza kudai uthibitisho wa kitaalamu wa karibuni, na gharama ya vipimo hivyo ni ya mwanafunzi. Kwa hiyo kabla kijana hajaondoka sekondari, ombeni nakala ya ripoti zote za tathmini. Zimekwisha kulipiwa.

Tunajua jambo hili lina uzito wake kwetu Waswahili. Kuna nyumba ambamo ulemavu wa mtoto haukuwahi kutamkwa mbele ya wageni, na kuna wazazi waliotuuliza kama chuo kitamkataa kijana kikijua. Chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kimekatazwa kumkataa mtu anayestahili kwa sababu ya ulemavu, na kujitambulisha huja baada ya kukubaliwa, si kabla. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hata hivyo uamuzi wa kusema ni wa kijana mwenyewe. Akishaingia chuo, sheria ya faragha inampa yeye haki juu ya kumbukumbu zake, na mzazi akipiga simu kuuliza anaweza kuambiwa kwa upole kwamba hana ruhusa. Mzoezeni kujisemea tangu sasa. Mpeni simu apige mwenyewe, nanyi mketi kando.

Tufike katika mlango ambao kwa maoni yetu ndio wenye fedha nyingi na wateja wachache kuliko inavyostahili. Kila jimbo lina ofisi ya kuwaandaa watu wenye ulemavu kwa ajira, ambayo kwa Kiingereza huitwa Vocational Rehabilitation, tutaiita VR. Wengine husikia jina hilo wakadhani ni mahali pa kufundishiwa kushona au kufungasha maboksi. La hasha. Ofisi hiyo inaweza kugharimia ada ya chuo, vitabu, usafiri, kompyuta yenye programu ya kusoma maandishi kwa sauti, na hata vipimo vile vya kitaalamu tulivyovitaja, iwapo masomo yanaelekea kwenye kazi aliyoichagua mwanafunzi. Ikiwa kijana anapokea SSI kwa ulemavu wake, au malipo ya ulemavu ya Social Security, na ana nia ya kufanya kazi, sheria humchukulia moja kwa moja kuwa anastahili, na ofisi haiwezi kumtaka achangie gharama kwa kigezo cha kipato.

Utaratibu wake una muda uliowekwa. Tangu maombi yapokelewe, ofisi ina siku 60 za kuamua kama mtu anastahili. Akishakubaliwa, kuna siku 90 za kuandika mpango wake wa ajira, unaotiwa saini na mwanafunzi pamoja na mshauri. Yaandikeni majira hayo ukutani. Kwa kawaida ofisi hailipi deni la nyuma: ada iliyolipwa kabla ya mpango kutiwa saini haitarudishwa. Kijana anayetaka kuanza chuo mwezi wa Agosti asiende VR mwezi wa Julai. Aende akiwa angali sekondari, mwaka mmoja kabla au zaidi. Baadhi ya majimbo yana orodha ya kungojea kwa sababu fedha hazitoshi, nayo huwapa nafasi kwanza wenye ulemavu mkubwa zaidi. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwahi.

Mshauri atawauliza kuhusu FAFSA, maana VR haiwezi kulipia masomo ya chuo kabla mwanafunzi hajajitahidi kutafuta ruzuku kwingine. Hapo kuna mipaka mitatu ambayo wakati mwingine hupindishwa. Mkopo si ruzuku, na mwanafunzi halazimiki kukopa ili apate msaada wa VR. Tuzo aliyoipata kwa ufaulu wake haipaswi kukatwa kwenye msaada huo kana kwamba ni badala yake. Na teknolojia ya kumsaidia, kama ile programu ya kusoma kwa sauti, haingoji itafutwe kwingine kwanza.

Hutokea pia mshauri akasema: kwa hali yako, kozi ya miezi 6 inatosha, shahada ya nini? Pengine ana hoja. Pengine hakumtazama vizuri aliyeketi mbele yake. Sheria inampa mwanafunzi haki ya kuchagua akiwa na taarifa kamili, na mshauri akikataa, aombwe aandike sababu. Kwa maandishi hayo mwanafunzi anaweza kuomba usuluhishi au kusikilizwa na afisa asiyehusika. Kila jimbo lina huduma ya bure ya kumtetea mteja wa VR, iitwayo Client Assistance Program, na ofisi ya VR yenyewe inalazimika kuwaambia ilipo. Tuseme wazi: tofauti kati ya kozi ya miezi 6 na shahada ni tofauti ya mshahara wa maisha yote. Haifai iamuliwe katika mazungumzo ya robo saa na mtu ambaye hakupata mkalimani.

Na sasa SSI, ambako hofu ni kubwa kuliko mahali pengine popote. Tumewahi kuulizwa na wazazi: mtoto akipata fedha za chuo, si watamkatia hundi yake? Hofu hiyo haikutoka hewani. Malipo ya juu ya serikali kuu kwa mtu mmoja mwaka 2025 yalikuwa dola 967 kwa mwezi, na mpokeaji haruhusiwi kuwa na akiba inayopita dola 2,000. Kikomo hicho hakijapandishwa tangu mwaka 1989. Bei ya mkate imepanda mara ngapi tangu hapo, mtatuhesabia nyinyi. Nyumba inayolipa kodi kwa hundi hiyo ina haki ya kuogopa kitu chochote kinachoigusa.

Lakini kwa fedha za chuo kanuni ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Ruzuku ya Pell, mikopo ya serikali kuu na ujira wa kazi za chuoni zinazogharimiwa na serikali kuu havihesabiwi kabisa na SSI, si kama kipato wala kama akiba, hata fedha ikikaa benki muda mrefu. Ufadhili kutoka kwingine, kwa mfano shirika au kanisa, hauhesabiwi kwa sehemu inayotumika kulipia ada, vitabu na mahitaji mengine ya lazima ya masomo. Sehemu inayotumika kwa chakula na nyumba huhesabiwa. Tuseme kijana amepewa dola 4,000 na shirika. 3,000 zimekwenda kwenye ada na vitabu, na 1,000 kwenye kodi ya chumba. Hiyo 1,000 ndiyo itakayoingia katika hesabu ya kipato. Kama amebakiza kitu kwa ajili ya ada ya baadaye, ana miezi 9 baada ya mwezi alioupokea kabla hakijahesabiwa kuwa akiba.

Kwa hiyo tunashauri fedha za masomo ziwekwe katika akaunti yake ya pekee, zisichanganywe na za sokoni, na kila barua ya ufadhili ihifadhiwe. Toeni taarifa ofisi ya Social Security mapema, kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata badiliko kupita, na mdai risiti ya taarifa hiyo. Ombeni mkalimani, ofisi hiyo humtoa bila malipo. Msimtumie mtoto kuwa mkalimani wa jambo linalomhusu yeye mwenyewe.

Mwanafunzi anayefanya kazi naye amefikiriwa. Aliye chini ya miaka 22 na anahudhuria masomo kwa utaratibu, mwaka 2025 aliweza kupata hadi dola 2,350 kwa mwezi, jumla isiyozidi dola 9,460 kwa mwaka, bila mshahara huo kuipunguza SSI yake.

Umri wa miaka 18 ni kivuko cha pande mbili. Anayepokea SSI tangu utotoni huchunguzwa upya kwa kipimo cha watu wazima, na wapo wanaoondolewa. Lakini pia, kipato cha wazazi huacha kuhesabiwa. Kijana aliyekataliwa akiwa na miaka 12 kwa sababu baba alikuwa na mshahara, anaweza kustahili akifika 18. Kama kuna mtu humu aliyeambiwa hapana zamani, aende akaombe tena. Wakimbizi wazingatie na jambo hili: asiye raia aliyeingia kama mkimbizi hupokea SSI kwa miaka 7 tu, isipokuwa awe raia. Maombi ya uraia yasingoje mwaka wa saba.

Anayetaka kuweka akiba zaidi ya zile dola 2,000 afungue akaunti ya ABLE, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mwaka 2025 iliweza kupokea michango ya hadi dola 19,000, na SSI haizihesabu dola 100,000 za kwanza zilizomo. Hutumika kwa gharama zinazohusiana na ulemavu wa mwenyewe, masomo yakiwamo. Awali ulemavu ulipaswa kuwa ulianza kabla ya miaka 26. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 ni kabla ya miaka 46. Shangazi anayetaka kumtumia mtoto fedha ya sikukuu aipeleke huko badala ya mkononi.

Tuzungumzie mwendo wa masomo. Wapo vijana ambao mwili hauwaruhusu kubeba masomo ya muhula mzima. Vitengo 12 kwa muhula huhesabiwa kuwa masomo kamili. Anayechukua 6 hupata nusu ya ruzuku yake ya Pell. Wazazi huona hiyo ni hasara. Si hasara, kwa sababu haki ya Pell ya maisha ni sawa na mihula 12 kamili, na muhula wa nusu hula nusu tu ya haki hiyo. Ila angalieni mambo mawili. Mkopo wa serikali kuu unahitaji angalau nusu ya masomo. Na chuo hupima maendeleo: mwanafunzi anapaswa kumaliza ndani ya asilimia 150 ya urefu wa programu, na kufaulu sehemu fulani ya masomo aliyojiandikisha. Akiugua na kuanguka chini ya kipimo, fedha husimama. Hapo kuna rufaa, na ugonjwa ni sababu inayokubalika. Barua ya daktari na maelezo ya nini kimebadilika ndivyo vinavyotazamwa.

Anayelazimika kuacha katikati ya muhula aende kwanza ofisi ya fedha kabla ya kuondoka. Akiacha kabla asilimia 60 ya muhula haijapita, sehemu ya msaada hurudishwa serikalini, na chuo kinaweza kumdai yeye pengo hilo. Tarehe ya kuondoka ikisogea kwa wiki moja inaweza kumwokolea mamia ya dola.

Kuhusu mikopo tutasema machache. Kopeni ya serikali kuu kabla ya kufikiria ya benki. Mojawapo ya sababu ni kwamba mkopo wa serikali kuu unaweza kufutwa iwapo mkopaji atakuwa na ulemavu kamili na wa kudumu, uliothibitishwa na Social Security, na idara ya maveterani au na daktari. Maombi ni bure. Masharti ya mikopo binafsi hutofautiana kwa kila mkataba, na mara nyingi mzazi aliyetia saini hubaki na deni.

Wazazi wa vijana wenye ulemavu wa akili wasiondoke wakidhani hayo yote hayawahusu. Tangu sheria ya mwaka 2008, kuna programu za vyuo zilizoidhinishwa kwa ajili yao, na mwanafunzi anaweza kupata Pell na kazi za chuoni hata kama hana cheti cha kawaida cha sekondari. Mikopo ndiyo hairuhusiwi humo. Orodha yake huwekwa na kituo kiitwacho Think College. Kwa viziwi, mbali na vyuo vya kawaida, kipo Chuo Kikuu cha Gallaudet mjini Washington, kilichopewa hati yake mwaka 1864, na ile taasisi ya kitaifa ya viziwi iliyoko Rochester, New York. Andrew Foster, Mwamerika Mweusi wa kwanza kupata shahada Gallaudet, mwaka 1954, alikwenda Afrika akaanzisha shule za viziwi katika nchi nyingi, na alifariki kwa ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Tunamtaja kwa kuwa huenda humu mna mtu ambaye alama zake za kwanza alifundishwa katika shule yenye chimbuko hilo. Kwa wasioona, National Federation of the Blind hutoa ufadhili 30 kila mwaka.

Panapopita fedha hupita na matapeli. Atakayewaambia ana ufadhili wa uhakika na anataka kwanza ada ya kushughulikia, huyo ni mwizi. Atakayesema mmeshinda tuzo ambayo hamkuiomba, vilevile. Atakayejitolea kuwafutia mkopo kwa malipo anauza kitu kinachotolewa bure. Na kuna yule wa karibu zaidi, anayejua Kiingereza vizuri, anayewajazia FAFSA kwa dola 150 sebuleni kwenu huku akiweka namba yake ya simu na barua pepe yake. Huenda hana nia mbaya. Lakini mwaka unaofuata hamtaweza kuingia katika akaunti yenu pasipo yeye, na kila ujumbe wa chuo utafika kwake. Namba ya simu iwe yenu, neno la siri liwe lenu. Washauri wa shule ya sekondari, na maktaba nyingi za umma, husaidia bila malipo. Aliyekwisha kutapeliwa atoe taarifa kwetu, au katika tovuti ya ReportFraud.ftc.gov, hatumuulizi kwa nini aliamini.

Sasa tutapokea maswali. Anayetumia lugha ya alama aketi upande wa dirishani, mkalimani yuko hapo. Fomu za maombi ya VR ziko mezani karibu na mlango, na mwenzetu ataweza kuanza kuzijaza na nyinyi jioni hii. Mtahitaji jina la daktari na, kama ipo, barua ya SSI.